Farasi Aliyeingia Bafuni Kwetu

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Mimi ni fundi cherehani na msomaji wako mwaminifu. Mama mkwe anaishi nasi, na kwa kuwa macho yake yamefifia, kila jioni humsomea kamusi yako, neno baada ya neno. Herufi A ilipita kwa amani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne tulifika kwenye neno "bideti". Kumbe ni kile kibeseni kilicho kando ya choo chetu, cha kujitawazia. Sisi, tangu tuhamie, tulikuwa tunalowekea soksi humo.

2. Umeandika kwamba asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya farasi mdogo, kwa sababu mtu hukikalia kwa kutanua miguu kama aliyempanda. Mdomo wangu ulitangulia macho, nikayasoma yote kwa sauti. Mbele ya mkwe, Ndugu Mhariri! Mimi ambaye hata magauni yake nayashona kwa kukadiria, nisije nikataja kiuno.

3. Nilifunga kitabu, nikakificha chini ya vitambaa. Jioni iliyofuata nikajifanya nina kazi nyingi. Alhamisi mama akakunja nguo zake, akahamia kwa mdogo wake. Mke wangu sasa ananisalimia kama mteja. Anauliza nilimwambia nini mama yake, nami siwezi kujibu bila kurudia kosa.

4. Kwa hiyo naomba farasi aondolewe. Andika kwamba asili yake ni kiti, au kwamba haijulikani.

5. Ikishindikana, kila neno la namna hiyo lipigwe muhuri: LISISOMWE MBELE YA MKWE. Na aliyeandika maelezo hayo aje mwenyewe amwombe mama radhi. Asije kwa farasi.

Nisalimie wapiga chapa, na wote hapo ofisini wanaoishi na wakwe. Hao watanielewa.

Wako mwenye fedheha,
Fundi wa Magauni

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Usiondoe kitu. Mama amerudi leo. Nilipomwomba radhi kwa ajili ya farasi, alicheka hadi akashika ukuta: "Baba, kwani wale watoto sita niliwaokota?" Kilichomuuma ni kwamba nilipita mlangoni pake bila kitabu, akadhani nimemchoka. Nimeona haya kuliko siku ile. Jioni hii tunaendelea pale pale tulipoishia. Ameagiza nianze na farasi, tena nisome polepole.