Ombi la Kumhamisha Shangazi Yangu Ili Jangwa Libaki Tupu

Ofisi ya Kambi ya Mahema,
Bonde la Mto Huab.

Kwa Mzee Tjambiru,
Mwenyekiti wa Jumuiya ya Hifadhi.

Mheshimiwa Mzee,

Shikamoo, na samahani kwa kukusumbua msimu huu wa ukame. Mimi ni Sakeus Uiseb, karani wa kambi hii kwa mwezi wa tatu, ambao ndio wa mwisho wa majaribio. Meneja wangu, Bwana Volkmar, ameniagiza nikuombe umhamishe Bi. Elfriede Uises, mwenye miaka sabini na mmoja, kutoka hatua mia tisa mashariki mwa hema namba nne, aende nyuma ya kilima kabla mwezi haujaisha. Ni wajibu wangu kusema kwamba yeye ni dada wa baba yangu (kwetu Uiseb wa kike huitwa Uises) na ndiye aliyenilea. Kwa hiyo nitaandika bila upendeleo, na Bwana Volkmar ataisoma barua kabla haijafungwa.

Kambi yetu haina umeme wa nguzo, simu wala mtandao. Wageni huvuka bahari kuja kuvikosa. Kipeperushi chetu kimewaahidi pia kwamba hapa hakuna mtu. Malalamiko yetu ni haya:

1. Moshi. Bi. Elfriede huwasha moto kila alfajiri. Mgeni akiuliza, nimeagizwa kujibu kwamba ule ni ukungu. Nimejibu hivyo mara kumi na saba. Lakini ukungu wetu hutoka magharibi, baharini, na haujawahi kunukia uji.

2. Mbuzi. Anao arobaini na mmoja. Beberu wake mweupe aliingia hema namba nne akala kofia. Bwana Volkmar alimweleza mwenye kofia kwamba huyo ni mnyama adimu wa jangwani. Mgeni yule alifurahi sana, akamwandika katika orodha yake ya wanyama, baada ya faru. Ila aliniuliza kwa nini mnyama adimu amevaa kengele, nami mpaka leo sijapata jibu lililoidhinishwa.

3. Kuoga. Wageni wetu huogea ndoo iliyotundikwa mtini, chini ya nyota, na hiyo ndiyo anasa yetu kuu. Bi. Elfriede aliwaona akacheka hadi akakaa chini. "Sakeus, mwanangu, mimi nimeoga hivyo tangu nizaliwe, na hakuna hata mmoja aliyenipongeza!" Wageni waliuliza bibi anacheka nini. Nilisema anaomba mvua.

4. Salamu. Hili ndilo kubwa. Wewe Mzee unajua kwamba kwetu mtu hapiti uani kwa mtu bila kusimama, kukaa na kutoa habari. Sasa kambi ina Matembezi ya Ukimya: watu kumi na wawili, vichwa chini, midomo imefungwa, wanapita mbele ya mlango wa Bi. Elfriede. Alitoka mbio. "Nani amekufa? Mbona mnapita kwangu kama mmebeba maiti? Kaeni, jamani, kaeni!" Akawapa chai ya maziwa ya mbuzi, akawaimbia wimbo wa kufariji wafiwa, beti zote sita. Wageni walilia. Katika fomu za maoni, wote kumi na wawili waliandika kwamba hilo ndilo lililowagusa kuliko yote. Bwana Volkmar amezifungia fomu hizo kabatini.

5. Kuwepo. Bi. Elfriede alizaliwa hapo, na mumewe na wazazi wake wamezikwa hapo. Kambi ina miaka minne. Kwa hiyo, kama nilivyoelekezwa kuandika, ametuvamia.

Nilithubutu kutaja kwamba nyuma ya kilima hakuna kisima. Bwana Volkmar alisema, "Mbuzi watazoea." Nimeyaandika kama alivyoyatamka, nisije nikakosea.

Tafadhali lishughulikie ombi letu mapema. Nisalimie mama, wajukuu wote, na yule punda aliyekuwa akichechemea.

Wako mtiifu, kwa hofu na heshima,
Sakeus Uiseb, Karani.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, pampu yetu ya nguvu za jua imekufa. Bwana Volkmar amekuja na mapipa mawili kwenye kisima cha Bi. Elfriede, nami nimekuja kumtafsiria. Tumekaa tangu saa tatu, na sasa Bwana Volkmar yuko kwenye kikombe cha nne cha chai, maana kwetu maji hayaombwi kabla ya habari kutolewa. Shangazi ameuliza, "Haya baba, za huko?" Bwana Volkmar hakuwa na habari yoyote isipokuwa barua hii. Nimemsomea shangazi yote, polepole. Ameamuru mapipa yajazwe. Anasema barua ni nzuri na iende hivyohivyo. Libadilishwe jina la anayehamishwa tu, kwa kuwa turubai la hema ni jepesi kubeba kuliko makaburi. Bwana Volkmar, akiwa ameshika pipa, ameniambia niandike hivyo.