Chumba Chenye Utulivu

Habari yenyewe ilikuwa fupi, lakini pale benchini habari fupi ndizo zinazogombewa. Aliyeileta ni dalali wa vyumba, Kesho Asubuhi, aliyeitwa hivyo kwa sababu wateja wake wote huwa wanakuja kesho asubuhi. Aliinua simu usawa wa pua akasoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Mtaalamu asema nyumba ya kupangisha ikitengenezwa vizuri hupata mpangaji ndani ya wiki moja, na kodi hupanda kwa theluthi."

Kufuli, mwenye nyumba, alikishusha kikombe cha kahawa bila kukinywa. Jina hilo alilipata siku alipolifunga bomba la uani kwa kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni kama hirizi. Chumba chake cha pembeni kilikuwa kitupu mwezi wa nne sasa. Wapangaji watatu walikuwa wamepita ndani ya mwaka mmoja, wa mwisho akaacha hata ndoo yake. Na mkewe alikwisha kumpa neno: mwezi ukiisha chumba hakina mtu, anahamia kaka yake, bure, yeye na tarumbeta lake. Huyo shemeji alikuwa bado anajifunza. Mwezi ulikuwa unaisha kesho kutwa.

"Rudia hapo kwenye theluthi," Kufuli alisema.

"Usirukie theluthi, anza na kutengenezwa vizuri," alidakia Mkono Mmoja, fundi rangi. "Chumba kwanza ni rangi. Mpangaji anapanga kwa macho, mfuko unafuata."

"Rangi si ulipaka wewe?"

"Nilipaka."

"Mkono mmoja, ulipita mara moja tu. Rangi ya zamani inachungulia kama jirani."

"Ulilipia mkono mmoja, bosi. Ukitaka ukuta usichungulie, lipia wa pili."

Walikaa pale kila siku ya Mungu, benchi limeegemea ukuta chini ya dirisha la chumba hichohicho, maana ndipo penye kivuli mpaka jua lizunguke. Shangazi muuza kahawa aliweka jiko lake kando, akawahudumia bila kutia neno. Kesho Asubuhi alikuwa mtu wa kunong'ona tangu kuzaliwa, ila mnong'ono wake ulisikika mpaka mtaa wa pili. Wengine walilazimika kupaza sauti ili wamshinde.

"Mtaalamu anasema maji," dalali aliendelea. "Mpangaji wa siku hizi anataka maji."

"Maji yapo," alisema Kufuli.

"Yapo kifungoni. Mtu akitaka kuoga kwako lazima aandike barua."

"Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Hupotea na mpangaji wake," alisema Mkono Mmoja. "Halafu yale masharti ya mlangoni. Thelathini na moja! Eti mgeni aondoke kabla hajakaa."

"Hilo nililirekebisha. Sasa anaruhusiwa kukaa, mradi asiegemee ukuta."

"Ukuta wenyewe wa mkono mmoja," alisema dalali, na fundi akamgeuzia mgongo.

Kufuli alijitetea kwamba hata yeye alikuwa ameboresha. Mwezi uliopita, chumba kilipokosa mtu, alipandisha kodi ili kionekane cha maana. Kitu cha bei rahisi watu hukitilia shaka. Wenzake walimtazama kama mtu aliyezima moto kwa mafuta ya taa, lakini kabla hawajamjibu, Kesho Asubuhi alisimama ghafla akajifuta suruali.

"Anakuja," alisema.

"Nani?"

"Mteja. Nilimwambia kesho asubuhi, naye kaja kweli."

Alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vyeupe vya kazi mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Alijieleza kuwa ni muuguzi wa zamu ya usiku, na kwamba hana maneno mengi, anatafuta mahali pa kulala mchana.

"Umefika, dada yangu," Kufuli alisema, mkono kifuani. "Chumba changu mimi kina utulivu. Ukidondosha sindano unaisikia."

Mama muuguzi alikikagua kama anayempokea mgonjwa. Aligonga ukuta, akakwangua rangi kwa ukucha, akawasha taa na kuizima, akasoma masharti yote thelathini na moja bila kubadili uso. Kisha akaomba aachwe peke yake, afunge mlango na dirisha kwa muda kidogo. Kufuli akatoka kwa nyatunyatu, akarudi benchini.

"Kimempendeza," alinong'ona Kesho Asubuhi, kwa mnong'ono wake ule. "Usimtajie kodi ya zamani. Taja na theluthi."

"Akishtuka?"

"Mwambie kuna wawili wanakuja jioni kukiona."

"Hakuna wanaokuja."

"Ndiyo maana nikasema jioni."

"Mweleze na rangi ni mikono miwili," alisema fundi. "Amechoka yule, hawezi kuhesabu."

"Akubali tu," alisema Kufuli, na hapa sauti yake ikalegea kabisa. "Wallahi hata bila theluthi. Jamani, mnalijua lile tarumbeta? Alikuja siku mbili tu wakati wa msiba, nikatamani aliyekufa niwe mimi."

Dirisha lililokuwa juu ya vichwa vyao likafunguka. Mama muuguzi aliegemea kizingiti, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Hao wawili wa jioni waambieni wasisumbuke," alisema. "Chumba nakichukua. Kwa kodi ya zamani."

Mkono Mmoja alichunguza kucha zake.

"Nimefunga dirisha nikalala chini, nimesikia kila neno, mpaka msiba. Waliokuwa humu kabla yangu walihamia wapi?"

"Yule karani aliyeacha ndoo," alisema Kufuli taratibu, kama anayepapasa gizani, "aliondoka tu. Hata hatukugombana."

"Si tulikuwa tunajadili ndoa yake hapa?" aliuliza Mkono Mmoja.

"Tulikuwa tunamtetea."

"Tulimtetea kwa sauti, bosi. Wiki nzima."

Kufuli alimgeukia Shangazi, ambaye alikuwa anapuliza makaa kwa bidii isiyo ya kawaida. "Shangazi, wewe ulilijua hili?"

"Tangu mpangaji wa kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Mwanangu, mimi nauza kahawa. Nikiwafukuza ninyi, nitamuuzia nani?"

Mama muuguzi alinyoosha mkono kupitia dirishani, kiganja juu. "Ufunguo wa bomba. Halafu hilo benchi liondoke leo."

Ufunguo haukumuuma sana Kufuli, ingawa shingo ilibaki tupu akahisi baridi. Benchi ndilo lililomuuma. Miaka tisa amelikalia, upande wa kulia una bonde la makalio yake. Alilipapasa. Halafu akakumbuka shemeji akijifunza noti moja kuanzia alfajiri, akainama akashika mguu wa benchi.

Walilibeba watu watatu, Shangazi nyuma na jiko. Fundi cherehani aliwakatalia hata kabla hawajaomba. Kinyozi alisema wateja wake wanahitaji kutulia, wembe hauna mzaha. Wakazunguka nyumba nzima, na kivuli pekee kilichobaki kilikuwa upande wa nyuma. Wakalitua hapo, chini ya dirisha la chumbani kwa Kufuli mwenyewe.

Mabishano yakaanza upya, safari hii juu ya nani aliyekiokoa chumba. Dalali alidai ni mteja wake. Fundi alidai ni rangi yake. Kufuli, aliyejaa furaha mpaka puani, alipiga benchi kwa kofi akasema shemeji abaki hukohuko kwao apulizie ng'ombe. Walibishana hivyo hadi kahawa ikaisha.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mke wa Kufuli alipita mbele yao bila kuwatazama, mto kwapani, shuka begani.

"Mama watoto," Kufuli aliita, "unakwenda wapi?"

"Kwa mpangaji wako, kumwomba nafasi. Nimesikia kile chumba kina utulivu."