Makoti ya Mwisho ya Pamba Kali

Jumatatu, 1 Septemba

Kikao cha Pamba Kali, kikundi chetu cha mashabiki watanashati. Saa kumi na moja jioni, nyuma ya steshenari ninakofanya kazi. Wajumbe waliohudhuria: wanne, pamoja na mimi mwenyekiti. Mmoja wao, Enoka, alikuwa amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nimemhesabu.

Miaka sita iliyopita tulikuwa kumi na wanane! Tukiingia kibanda umiza kutazama ligi ya Uingereza, watu wanasogeza mabenchi. Hakuna jezi. Hakuna kupaka rangi usoni. Jaketi safi, kola imesimama, raba nyeupe. Kama vijana wa Uingereza wa miaka ya themanini ambao nilisoma habari zao kwenye simu. Wale walikwenda uwanjani na nguo za gharama, bila rangi ya timu, ili polisi wasiwatambue kuwa ni mashabiki. Sisi polisi hawakuwa wakitutafuta. Lakini wangetutafuta, wasingetutambua.

Leo nimewasomea wajumbe habari mbaya. Huko Uingereza kwenyewe jambo hili linakufa. Wale vijana sasa ni wazee wenye vitambi. Vijana wapya wanavaa feki. Jaketi halisi limepanda bei hadi wanaolivaa ni watu wasiokwenda mpirani. Nikawaambia: ndugu zangu, huenda duniani tumebaki sisi. Melkior, anayeuza spea za baiskeli, akauliza kama kikao kitachelewa kwisha.

Kuporomoka kwetu kuna jina. Nkwabi. Alikuwa makamu wangu! Mwezi wa sita akajitoa, akaanzisha kikundi cha kushangilia. Ngoma. Mavuvuzela. Rangi ya njano. Sasa ana watu arobaini. Sisi kibao chetu kinasomeka PAMBA KALI, na mkulima mmoja, mzee Masunga, ameshasimama pale mara mbili kuuliza ununuzi wa pamba unaanza lini.

Mkakati: Jumamosi tarehe 13 ni fainali ya mashindano ya kata. Radi ya hapa kwetu Misunkumilo na Jembe ya Kasokola. Siku hiyo tutatokea na makoti ambayo Mpanda haijawahi kuyaona. Nkwabi atalia mbele za watu.

Jumatano, 3 Septemba

Asubuhi na mapema sokoni. Mama Mariana anafungua belo la mitumba. Nilikuwa mwanaume peke yangu kwenye kundi. Nilikanyagwa na mke wa mchungaji, na hakuomba radhi.

Lakini nimepata! Makoti manne, bluu iliyoiva, mazito, yote yanafanana. Begani kushoto kuna nembo yenye taji na bendera ya Uingereza. Nilipoona bendera sikuendelea kusoma. Mama Mariana akaniambia, mwanangu, hayo ni ya baridi, nilitaka kuyapeleka Sumbawanga. Nikamjibu kwamba utanashati hauangalii hali ya hewa. Akakubali kuchukua redio yangu kuwa malipo.

Jioni mwalimu Candide wa sekondari alikuja kuchapa mtihani wa Kiingereza. Akaivuta nembo karibu na miwani. Akasema chini ya taji pameandikwa nyumba ya kulelea wazee. Haya ni makoti ya wahudumu wanaosukuma wazee kwenye viti vya magurudumu.

Nimemwomba asirudie kusoma kwa sauti.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimegawa makoti. Nathanael, fundi wa kuchomelea, alivaa lake akalifunga hadi kidevuni. Halafu akauliza kama anaweza kulifungua zipu wakati wa kupumua. Nimesema hapana. Zipu ikifunguliwa tunaonekana kama watu waliokosea basi.

Wote wameahidi kuja nayo tarehe 13. Enoka ameahidi mara mbili bila kuombwa. Huo ndio moyo!

Ijumaa, 5 Septemba

Nimerudi nyumbani, nimekuta kitanda kimejaa kitambaa cha njano.

Odeta, mke wangu, alikuwa kwenye cherehani barazani. Hakuinua kichwa.

“Jezi arobaini,” akasema.

“Za nani?”

“Unajua za nani, Baba Rosine. Watu wenye watu arobaini hapa mtaani ni wangapi?”

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba Nkwabi ni adui wa nyumba hii. Akasema Nkwabi alimwita shemeji, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akaondoka. Adui gani huyo? Nikasema cherehani ya familia haiwezi kutumika dhidi ya baba wa familia. Akanikumbusha kwamba cherehani ni yake, alikuja nayo kutoka kwao Katumba ameipakata kwenye lori, kabla hata sijamaliza kulipa mahari.

Halafu akasimamisha mguu na kuniambia jambo la maana. Kikundi cha akina mama kinachoongozwa na mama Tereza kina chumba kimoja kitupu sokoni. Watampa fundi mwenye wateja wanaoonekana. Odeta amekingoja chumba hicho miaka miwili. Miaka miwili anashonea barazani, na mbuzi wa jirani wanakula nyuzi.

“Hizi jezi ndizo zitakazonipa kile chumba,” akasema. “Nisaidie au nyamaza.”

Nikamwambia achague kati ya kitambaa na heshima yangu. Akasema nisogee kwanza, nimekalia kipande cha kitambaa hichohicho. Kisha akaongeza neno la Kirundi ambalo kwa kawaida huwaambia wale mbuzi.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Tumbo. (Si kweli.)

Odeta na mtoto wetu Rosine walipoondoka, nilichukua daftari la vipimo la Odeta. Nia yangu ilikuwa safi: sitagusa kazi yake, nitagusa jezi moja tu. Ya Nkwabi. Nkwabi ana kifua cha inchi 46 na tumbo linalomtangulia. Nimeigeuza sita kuwa sifuri. Arobaini! Mbele ya umati wote ataonekana kama gunia la mpunga lililofungwa kwa kamba ya kiatu.

Nikafungua ukurasa wa pili kufurahi zaidi. Nikasoma majina.

Namba 31, Nathanael. Namba 32, Melkior. Namba 33, Enoka, na pembeni ameomba namba kumi mgongoni.

Nilikaa chini. Kitambaa cha njano kila upande. Enoka! Mtu aliyeahidi mara mbili!

Nilifikiria kuwageuzia na wao vipimo. Lakini nililifunga daftari. Nimekunywa uji wa Rosine uliobaki.

Jumatano, 10 Septemba

Nkwabi amekuja kuchukua mzigo. Nilijificha nyuma ya pazia na daftari hili, tayari kuandika kila neno la aibu.

Alivaa jezi yake palepale barazani. Ikagoma tumboni. Akavuta. Ikapanda. Mikono ikambana kama soseji. Watu wake kumi na wawili wakamzunguka kumtazama. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

Kijana mmoja akasema: “Kiongozi, imekukaa! Hii ndiyo wanayovaa Dar.”

Wengine wakapiga makofi. Nkwabi akajigeuza, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akasimamisha kola. Kola! Ile ni alama yangu! Wakaanza kuvua zao hapohapo, wakamwomba Odeta azibane zote. Alhamisi na Ijumaa atakuwa anabana jezi tu.

Mmoja akasema Nkwabi siku zote alikuwa mtanashati.

Pazia lilianguka wakati huo. Nikasema nilikuwa natafuta mende.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbili mstari wa watu haujaisha mlangoni. Leo mama Tereza amepita mwenyewe na kitabu chake kwapani. Alisimama kwa muda mrefu akitazama vijana waliojipanga kifua wazi wakingoja zamu. Chumba ni cha Odeta. Kuanzia Jumatatu.

Odeta alipoingia ndani hakushangilia. Alikaa kitandani akaweka mikono yote miwili usoni, akakaa hivyo. Sijawahi kumwona hivyo tangu Rosine azaliwe. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema hongera. Nikataka kuongeza kwamba kwa namna fulani nilichangia.

Akasema anajua.

Akasema sifuri zake ni za duara, zangu zina mkia. Aliiona Jumatatu wakati anakata kitambaa. Nikamuuliza kwa nini basi aliikata hivyohivyo. Akasema alikuwa na hasira na mimi, na alitaka Nkwabi aje anipige. Mungu akaamua vingine.

“Kesho usivae lile koti,” akasema. “Jua la sasa hivi si la mchezo. Nakuomba.”

Nimemwambia nitafikiria. Nimeshafikiria. Nalivaa.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimelala. Kitambaa cha maji kipo kichwani.

Jana saa kumi jioni niliingia uwanjani. Koti, zipu hadi kidevuni, raba nyeupe. Upande wa kushoto njano tupu, ngoma, vumbi hadi mbinguni. Upande wa kulia watu wa Kasokola na matawi yao ya miti. Katikati, Pamba Kali. Mimi.

Nathanael aliniona kutoka kwenye njano, akatazama viatu vyake. Melkior alipunga mkono kidogo, chini, kama mtu anayefukuza nzi. Nikawajibu kwa kuinua kola. Kipa wa Jembe akamuuliza mwamuzi kama mimi ni daktari wa mechi.

Dakika ya kumi, jasho lilianza kuingia kwenye raba. Dakika ya ishirini, ngoma zilikuwa zinapigwa ndani ya kichwa changu. Nilijiambia kwamba vijana wa Uingereza wasingefungua zipu. Dakika ya thelathini nilimwona marehemu babu akishambulia kutoka winga ya kushoto.

Nilipozinduka nilikuwa chini ya mwavuli. Maji usoni. Nkwabi alikuwa ananipepea kwa ngozi ya ngoma iliyopasuka, na tumbo lake lilikuwa limetoka nje ya jezi lote. Wao ndio walionibeba. Enoka alishika miguu. Aliyefungua zipu ni Nathanael, kwa koleo lake la kazini, maana ilikuwa imekwama.

“Mwenyekiti,” Nkwabi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, “umetuogopesha. Ningemwambia nini shemeji?”

Shemeji alikuwa amefika. Odeta alitoa kwenye mkoba jezi ya njano iliyokunjwa. Ya arobaini na moja. Haikuwa kwenye daftari. Kipimo changu kamili, na kola ameitia kitambaa kigumu ndani ili isimame yenyewe.

Sikuwa na nguo nyingine. Nimeivaa.

Radi ilishinda kwa penalti. Mashahidi wanadai nilirukaruka. Wanadai pia nilipuliza vuvuzela hadi nikaambiwa nipumzike. Nilikuwa napima pumzi. Nkwabi alinishika bega wakati wa penalti ya mwisho na hakuliachia hadi mpira ulipoingia. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ndiye mtu niliyekuwa nakaa naye benchi moja miaka mitano.

Odeta amenishikia kikombe cha uji. Amesema nisiandike sana.

Jumanne, 16 Septemba

Nkwabi alikuja asubuhi. Akasema wamekaa, wameongea, wanataka nirudi. Watu wananiheshimu. Wanahitaji mtu wa kuwashauri kuhusu mavazi. Cheo kitaitwa mlezi. Jasho liliniingia machoni.

Nimekubali! Nimejifunza mengi wiki hizi mbili. Mtu hawezi kushangilia peke yake.

Mchana nimechapa katiba mpya ya kikundi hapa steshenari. Vifungu ishirini na viwili. Kifungu cha kwanza: ngoma zinasitishwa. Cha pili: vuvuzela ni kwa mlezi tu. Cha tano: njano ni rangi ya kelele, kuanzia sasa ni krimu. Cha tisa: ambaye kola yake italala wakati wa mechi atajitoa mwenyewe bila kusubiri barua.

Nilipita kwenye chumba kipya cha Odeta nikamwagiza krimu arobaini na moja. Alikuwa na wateja wanne. Aliisoma katiba yote, polepole, akaweka mkasi chini, akacheka hadi mteja mmoja akamshika mkono. Furaha ya chumba, nadhani.

Hadi jioni nimeshawafukuza tisa. Nkwabi amepewa onyo kuhusu tumbo.

Bado wamebaki wengi, lakini kazi imeanza vizuri. Kwa mwendo huu, hadi Krismasi tutakuwa wachache tunaoeleweka.