Kuhusu Hita ya Njiwa, na Ombi Langu la Kuhesabiwa Njiwa

Juu ya paa, nyumbani kwa mwanao,
Riyadh.
Jumanne, 14 Januari 2014.

Kwa Bi Saleha,
Mtaa wa Al-Rawdah,
Jeddah.

Shikamoo Bi Saleha,

KUH: KUONDOLEWA KWA HITA KATIKA BANDA LA NJIWA

Ni mimi Fridah, mfanyakazi wa nyumbani kwa mwanao Hilal, yule Mmeru uliyemfundisha kukanda mahamri Ramadhani iliyopita ukasema mkono wangu ni wa kukandia udongo. Natumai mguu wako umepata nafuu. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole, na ndiyo maana nakuomba uuwie radhi mwandiko huu.

Nakuandikia wewe kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili chako hakijaota kutu tangu mlipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na Hilal, ambaye sisi wa hapa humwita Baba, anakizungumza vizuri lakini kukisoma hawezi. Pili, nimemwona akipokea simu yako kila Ijumaa. Husimama. Hata kama yuko kwenye sinia, husimama na mkono wake wenye wali ameuinua pembeni mpaka wewe umalize. Sijaona ofisi nyingine katika nchi hii inayoweza kumsimamisha Baba, kwa hivyo malalamiko yangu nimeyaelekeza huko.

Barua ataileta Samuel, dereva, anayekuja Jeddah Alhamisi. Tafadhali usimpe Usama akusomee. Mjukuu wako akianza kucheka hamalizi ukurasa.

Wewe uliye Jeddah, ambako watu huwasha feni mwezi wa Januari, labda hutaamini nikikuambia kwamba Riyadh kuna baridi ya kuuma masikio. Baba amewawekea njiwa wake wa mashindano hita ya umeme, nyeupe, yenye magurudumu. Banda lao liko juu ya paa. Chumba changu nacho kiko juu ya paa, na ukuta wetu ni mmoja. Pamoja na kupika, kufua na kulea, kazi yangu ni kusoma kipimajoto cha banda kila alfajiri na kuandika daftarini. Leo banda lilikuwa na nyuzi kumi na tisa. Nilipomaliza nilikibeba kipimajoto hadi chumbani kwangu, kwa ajili ya elimu tu. Sita.

Naomba ieleweke mapema kwamba sijiombei hita. Ni kweli pia kwamba mkataba wangu uliisha Novemba, kwamba binti yangu Jerioth anaingia kidato cha kwanza tarehe tatu Februari, na kwamba nilimwahidi kumpeleka mwenyewe. Lakini hayo ni yangu. Barua hii inawahusu njiwa, ambao wanaharibiwa mchana kweupe na hawana wa kuwasemea.

Malalamiko ni haya:

1. Hita inawadhuru. Daktari wa njiwa, Msudani mmoja mpole sana, alisema mbele yangu kwamba njiwa hahitaji moto. Anahitaji sakafu kavu, hewa safi, na upepo usimpige moja kwa moja. Koti lake kazaliwa nalo. Ukimpashia moto vumbi linapanda, anapiga chafya, na manyoya yanaanza kupukutika kabla ya wakati wake. Baba alimshukuru daktari, akamlipa, akamsindikiza hadi kwenye gari, kisha akapanda juu akaipandisha hita kutoka mbili hadi tatu.

2. Hita inawatia uvivu. Kuna dume mmoja mwenye pete namba 41, ambaye mwaka jana alitoka Hail akafika wa kwanza. Siku hizi huipa hita mgongo kama mzee wa baraza aliyemaliza chai. Mwezi uliopita waliachiliwa Al-Kharj, ambako hata mimi ningefika kwa miguu nikiachiliwa, naye akatumia saa mbili na nusu. Alipotua alikuwa ameshiba. Nimekaa nikalifikiria jambo hili, na mimi naona hivi: aliye na joto hana haraka ya kwenda kokote. Anayeumwa na baridi ndiye anayekumbuka kwao.

3. Matibabu si sawa. Wiki ya Krismasi niliugua kifua. Madam Ibtisam, mkaza mwanao, alinitazama kutoka mlangoni akasema mafi mushkila, hakuna shida, ninywe maji ya moto. Siku mbili baadaye njiwa namba 17 alipiga chafya mara moja, akaletewa daktari kabla ya adhuhuri. Sina kinyongo na namba 17. Dawa yake ilibaki nusu chupa, nami pia nimepona.

4. Blanketi. Nilipomtajia Baba habari za chumba changu alisema binadamu ana blanketi. Sikubisha, ninalo. Nikapendekeza tubadilishane basi, njiwa wachukue blanketi. Akasema Wakenya tuna midomo.

5. Hapa naungama, na ungamo hili liishie kwako. Wiki iliyopita, kuanzia Jumapili hadi Jumatano, niliizima hita na daftarini nikaandika kumi na tisa kila siku. Sikuihamisha, sikuigusa zaidi ya kuizima. Nilitaka tu kujua. Alhamisi njiwa waliachiliwa Al-Kharj ile ile. Namba 41 alifika kwa dakika arobaini na saba. Aliingia bandani akipiga mabawa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Baba alimbusu kichwani, akaniita nishuhudie, akasema mbele ya marafiki zake kwamba hayo ndiyo matunda ya hita. Siku hiyo hiyo akaagiza hita ya pili.

6. Kama hita haiondoki, basi naomba nihesabiwe njiwa. Usicheke Bi Saleha, nina hoja. Baba ana njiwa sita aliowanunua Ubelgiji wakiwa wakubwa. Hao hawaruki kamwe. Alinieleza mwenyewe, siku aliyokuwa na furaha, kwamba ndege uliyemnunua akiwa mkubwa ukimfungulia atarudi alikoanguliwa, hata kama ni ng'ambo ya bahari, hata afie njiani. Kwa hivyo hufungiwa, akalishwa vizuri, akaangaliwa. Wafugaji huwaita wafungwa, na nilivyomsikia akilitamka neno hilo, hana ubaya wowote nalo moyoni.

Sasa tazama. Mimi nililetwa nikiwa na miaka thelathini na minne. Nilipoomba karatasi ya kutoka nchini, mkataba ulipoisha, Baba alisema nisubiri msimu wa mashindano upite, kwa kuwa hakuna mwingine anayewajua ndege. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, ikafanywa upya bila mimi kuulizwa. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya kabati la sebuleni, katika bahasha moja na vyeti vya wale Wabelgiji. Niliiona nikipangusa vumbi. Nilihesabu vyeti sita na pasipoti moja, na pasipoti ilikuwa katikati, imepangwa vizuri. Kwa maana hiyo, kwa upande wa makaratasi mimi ni njiwa tayari tangu Novemba. Nilichonyimwa ni hita tu.

7. Kuna mbinu nyingine ya wafugaji ambayo labda Hilal hajakueleza, kwa haya. Dume hutengwa na jike wake wiki nzima. Siku ya safari anaonyeshwa jike huyo kwa dakika tano, basi, kisha anatiwa kwenye kikapu na kupelekwa mbali. Akifunguliwa huko anarudi mbio mpaka moyo unataka kupasuka. Mimi nilipoelezwa hivyo nilicheka, maana simu yangu hukaa kwa madam, nami hupewa kila Ijumaa kwa dakika kumi. Dakika hizo nazungumza na Jerioth. Ila kwangu mimi kikapu hakiji.

Jerioth nilimwacha akimaliza darasa la sita. Sasa amefaulu mtihani wa la nane. Ana sanduku la bati lililopakwa jina lake, na kila Ijumaa ananiuliza nafika lini. Dada yangu Magdaline angempeleka shuleni kwa moyo mweupe, lakini mtoto amesema ataripoti hata Machi, bora aende na mimi. Nimemkaripia kwa simu halafu nikalia nikikatakata vitunguu, na hakuna aliyeniuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Bi Saleha. Wewe wako ana miaka hamsini na ndevu nyeupe, na bado Ijumaa haipiti hujamuuliza kama amekula.

8. Njiwa hunya kwenye nguo nilizoanika. Hili si la hita lakini nimeona niliandike.

Kwa hayo yote, naomba umpigie Baba, na akiwa bado amesimama umpe achague moja kati ya mawili. Ama aitoe hita bandani ili ndege wake wapate baridi ya kuwarudisha nyumbani kama Mungu alivyopanga, ama anihamishie bandani rasmi, nipewe pete ya mguu, mtama wa kutoka Uholanzi na daktari. Nitakuwa njiwa mtulivu. Sitapigania kijiti cha kulalia.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Msalimie Usama, ingawa nimemsema. Msalimie yule rafiki yako wa mtaa wa Bani Malik anayeuza udi na kunywa kahawa bila sukari, na umwambie dawa yake ya goti niliimaliza. Mwanao pia anakusalimu sana, ingawa yeye mwenyewe hajui kwamba anakusalimu.

Ni mimi niliye upande wa pili wa ukuta,
Fridah Kanana.

Tanbihi. Leo ni Alhamisi asubuhi na Samuel yuko chini anatia mafuta gari, kwa hivyo naandika haraka. Hita ya pili ilifika jana. Banda lina soketi moja tu, basi Baba akaileta kwangu. Aliibeba mwenyewe ngazi zote, akaichomeka, akajaribu joto lake kwa kiganja. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa sasa sina taabu, habari za safari tuziangalie baada ya Ramadhani. Nilimshukuru. Nilimshukuru kweli, Bi Saleha, kwa moyo wangu wote.

Nimelala kama mtoto. Nimeamka na joto hadi unyayoni, nikabaki kitandani natazama dirisha, nikaanza kupanga mahali pa kuweka kiti na aina ya pazia. Nilikuwa nimekwisha kuchagua rangi ndipo nikamkumbuka Jerioth.

Futa yote niliyoandika hapo juu. Njiwa wapewe hita zote mbili, wapewe na blanketi langu. Mimi nataka pasipoti. Chumba kina joto hata sasa ninapoandika, na ni zuri. Tafadhali mpigie leo, usingoje Ijumaa.