Hitilafu ya Mabao Kwenye Kompyuta ya Mkurugenzi

Ofisi ya Vibali vya Vibanda, Tanga, inautangazia umma kwa masikitiko makubwa kwamba mchezo wa mpira uliomo kwenye kompyuta ya Mkurugenzi umeharibika. Tangu liwekwe toleo jipya, Mkurugenzi anafungwa.

Mimi, Katibu wa Kamati ya Dharura, nathibitisha kwamba zamani mchezo huu ulikuwa mzima kabisa. Mheshimiwa Idarusi alikuwa akicheza na sisi watumishi wake, nasi kwa mujibu wa itifaki tukifungwa kwa bashasha. Mimi binafsi nimejifunga mabao mazuri sana, ndiyo maana sijawahi kuhamishwa.

Kamati ilifanya kazi kisomi. Tulizima kompyuta, tukaiwasha. Tukabadilisha kiti. Tukaita shehe na mchungaji, wakaiombea kwa zamu. Huduma kwa wananchi tulizisitisha ili fikra zisitawanyike. Anastazia, mama wa Muheza aliyeshinda kwenye benchi letu wiki nzima akisubiri kibali cha kibanda, akachungulia mlangoni.

“Jamani, machungwa yangu yanaoza! Nitawalisha nini wanangu?”

“Mama, tuna dharura humu,” nikamwambia. “Rudi ukakae, si una simu? Chezea simu.”

Fundi wetu, Nasri, akaleta matokeo ya uchunguzi.

“Bosi, hakijaharibika kitu. Toleo jipya linakukutanisha na yeyote anayecheza hapa karibu. Huyo anayekufunga hajui cheo chako.”

“Hanijui mimi?” Mheshimiwa akafoka. Alikuwa ameshafungwa la tano, jasho linamtiririka, na kusema kweli nilimhurumia. Akamwandikia mpinzani wake palepale mchezoni: “Wewe! Mimi ni Mkurugenzi wa Vibali! Fika ofisini kwangu mara moja!”

Mlango ukagongwa. Akaingia Anastazia, simu mkononi.

“Nimeitikia wito, Mkurugenzi.”

Nikafungua itifaki haraka. Haikuwa na kifungu cha hali kama hii.

“Kumbe wewe ndiye unayenifunga?”

“Ndiye mimi, baba. Benchi lako limenipa mazoezi ya kutosha. Nigongee muhuri wangu, nami nitakuachia bao moja.”

Mheshimiwa akauvuta muhuri, akaunyanyua, akasita. Akatutazama sisi, akamtazama yule mama, kisha akaongea kwa upole ambao ofisi hii haijawahi kuusikia:

“Mama yangu, mawili hayawezekani?”