Shimo la Kwanza Mbele ya Baraza Langu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Habari kubwa. Shimo la kwanza linahamishwa. Mama Eufrazia, katibu wa klabu yetu ya gofu, ameandika kwenye kundi la WhatsApp asubuhi: masika yamekula kingo za mto, na pale tunapoanzia mchezo si salama tena. Mwanachama mwenye wazo la shimo jipya alete mchoro. Kamati itaamua Jumamosi ya tarehe 26.

Nimesoma mara nne. Nikanywa chai. Nikasoma tena.

Nani katika klabu hii amepima ardhi miaka thelathini na moja? Nani ameweka mawe ya mipaka kuanzia Mkuyuni hadi Dakawa? Mimi, Bartholomeo. Gofu yenyewe nimeianza uzeeni, ofisi iliponiaga kwa zawadi ya mfuko wa fimbo kuukuu. Nacheza Jumanne saa saba mchana. Jua kali, uwanja mtupu, hakuna wa kukuharakisha. Napenda hivyo.

Wazo langu: mahali pa kupigia mpira wa kwanza, ambapo tunapaita tii, pasogezwe kaskazini mpaka kwenye ua wa michongoma. Ua huo ni wangu. Nyuma ya ua ni baraza langu.

Sababu za kitaalamu zipo, nitaziandika kwenye mchoro. Sababu nyingine naiandika hapa tu. Mke wangu Paskalia alienda Mbeya kumsaidia binti yetu Pendo kujifungua. Wiki sita, alisema. Mtoto sasa anatembea. Nyumba ina vyumba vinne na mtu mmoja. Kila Jumamosi watu wapatao arobaini husubiri zamu pale kwenye tii, wanataniana, wanacheka. Huku nyumbani nawasikia kama redio ya jirani. Wakisubiria mbele ya baraza langu, watapiga hodi. Hata kuomba maji.

Jumatano, 16 Julai

Mchoro umekamilika. Sijafanya kazi nzuri kama hii tangu nistaafu.

Shimo kwetu ni njia nzima, kuanzia tii hadi bendera, na la kwanza si mtihani, ni salamu. Liwe pana, mtu asiogope. Lisiwe refu wala fupi. Mikwaju minne inatosha hata kwangu, siku njema. Shida moja tu, nayo ionekane mapema: mtaro upande wa kulia, anayeutaka aufuate mwenyewe. Jua la asubuhi likae bega la kushoto, lisimpige mtu machoni. Na mbele, Uluguru yote, kuanzia mashamba ya ndizi hadi ukungu. Mtu ainue uso kabla hajapiga, avute pumzi, ajue yuko Morogoro.

Nimepeleka kwa Mama Eufrazia. Amepokea, amesema ahsante mzee, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Mimi ni mwanachama wa mwaka wa tatu.

Kisha balaa. Nimekuta Castory naye ameleta wake. Castory ni mhadhiri mstaafu, ana kofia nyeupe na sauti ya darasani. Shimo lake ni refu mno, lina bwawa katikati, na kichaka kila upande. Amewaambia watu kwamba shimo la kwanza linapaswa kuchuja wachezaji. Wote wamecheka. Wanamcheka kwa upendo, ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 18 Julai

Nahitaji waungaji mkono. Sina. Nimemtengeneza mmoja.

Simu yangu inaingia laini mbili. Kwa laini ya pili nimemwandikia Mama Eufrazia: naitwa Abdulmajid, mkulima wa mpunga Dakawa, niliwahi kucheza gofu Nairobi, nataka kujiunga na klabu, tafadhali niweke kwenye kundi nianze kuwazoea. Amemweka baada ya dakika mbili. Mimi nilisubiri wiki tatu.

Abdulmajid amesalimia. Karibu sana kaka! Karibu nyumbani! Watu kumi na tisa. Mmoja akauliza mpunga mwaka huu umekaaje. Abdulmajid akajibu kwamba maji ya mfereji yalichelewa lakini Mungu ni mwema. Ishirini na tatu wakamwekea mioyo. Sijui hata mpunga unavunwa mwezi gani.

Jioni ameutaja mchoro wa Mzee Bartholomeo, akasema ni wa mtu aliyekomaa. Watu wakauliza Mzee Bartholomeo ni yupi.

Jumapili, 20 Julai

Abdulmajid ana marafiki. Asubuhi ameulizwa habari za familia na watu watano. Mimi, laini ya kwanza, niliandika "Jumapili njema wapendwa." Kimya. Dakika kumi baadaye Abdulmajid akaandika maneno hayohayo. Amina kumi na nne.

Mwezi wa tano nililazwa siku tatu kwa malaria, nikaandika kwenye kundi. Nilipata kidole gumba kimoja. Cha Mama Eufrazia.

Namchukia kidogo Abdulmajid.

Jumanne, 22 Julai

Nimeukagua mstari wangu pamoja na Semeni, mama msimamizi wa nyasi, mzaliwa wa Mkuyuni. Anajua kila tuta la uwanja huu kwa miguu. Alinipa shikamoo, akashika ncha ya tepu ya kupimia, tukatembea kutoka kwenye ua wangu hadi bendera inaposimama. Amesema ardhi inafaa, maji hayatuami, nyasi zitashika. Nikajisikia kijana.

Wakati wa kukunja tepu akaniuliza, kwa upole tu, "Mzee, wewe huwa unacheza na nani?"

Nikamwambia ratiba yangu ni ya kitaalamu, inategemea jua.

Akasema haya. Akaendelea kukunja tepu.

Nyumbani nimekuta Castory ameandika. Si kwangu. Kwa Abdulmajid, faraghani. Anasema wako watatu kila Jumapili saa nne, wanakosa wa nne, je, Abdulmajid atapenda? Mimi naishi hatua mia tatu kutoka pale. Abdulmajid anaishi hewani.

Nikaona hapohapo nafasi ya kumchunguza adui. Abdulmajid akajibu kwamba angependa, ila shamba linambana. Na kwa nini Mzee Castory anataka shimo gumu vile?

Jibu limekuja baada ya nusu saa. Nalinakili lote.

"Nitakwambia kwa sababu hunifahamu. Tangu mama watoto afariki, mikono hunitetemeka pale mwanzoni watu wakinitazama. Shimo likiwa gumu kwa wote, nitakosea pamoja na wenzangu. Hakuna atakayejua."

Nimekaa na simu mpaka chai ikapoa. Nilitaka kumwandikia pole. Ya nani, sasa? Yangu, au ya mkulima wa Dakawa?

Abdulmajid ameandika pole. Kwa jina lake.

Alhamisi, 24 Julai

Hatari. Mama Eufrazia amemwalika Abdulmajid kwenye mkutano wa Jumamosi. Kundi zima linamsubiri. Mmoja ameahidi kuja na kuku wa kienyeji.

Ikabidi aondoke. Saa kumi jioni ameandika kwamba mjomba wake wa Songea ameugua, anahamia huko kusimamia shamba la mahindi, hajui atarudi lini, anawapenda wote. Akajitoa kwenye kundi.

Ujumbe arobaini na mmoja. Tumempoteza mtu wa watu. Nenda salama kaka. Mama Eufrazia ameandika kwamba wengine hukaa kwetu siku chache na kuacha pengo. Castory hakuandika chochote.

Nimeusoma msiba wote, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Kisha nikafagia baraza.

Jumamosi, 26 Julai

USHINDI. Lakini niandike kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa. Castory akaanza. Alisema maneno mazuri kuhusu kuchuja, lakini alikuwa ameshika karatasi kwa mikono yote miwili, na karatasi ilicheza. Sikuwahi kuliona hilo. Au sikuwahi kutazama.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandaa kurasa sita za vipimo. Nikasoma mbili, nikaona watu wanachungulia simu. Basi nikaweka karatasi chini, nikasema tu. Nikasema wapo kati yetu watu ambao mikono hutetemeka pale mwanzoni. Si kwa sababu hawajui. Kwa sababu wametoka nyumbani peke yao, na ghafla wanatazamwa. Mtu kama huyo apewe njia pana. Akosee, na bado auone mpira wake. Mlango wa nyumba hauwekewi mwiba.

Castory alikuwa ananitazama. Alinitazama muda mrefu, kama mwalimu aliyekuta majibu mawili yanayofanana kwenye mtihani.

Kisha akanyoosha mkono, wa kwanza. Akasema anaondoa mchoro wake, anaunga mkono wa Bwana Bartholomeo.

Wamekubali wote. Semeni ataanza kukata nyasi keshokutwa. Ufunguzi tarehe 9 Agosti.

Nje, Castory alinisubiri kwenye ngazi. Alizungumza taratibu.

"Bwana Bartholomeo, mwambie Abdulmajid kwamba Jumapili bado tuko watatu. Nafasi yake ipo. Aje kama alivyo."

Nikamwambia simfahamu Abdulmajid zaidi ya kundini. Akasema sawa, lakini nikimwona nimfikishie. Akanishika bega, akaenda zake.

Nimemhurumia. Hajashtukia chochote. Mtu msomi vile!

Jumatano, 6 Agosti

Maandalizi. Nimepunguza michongoma mpaka kimo cha kiuno, watu wanione bila shida. Mikono yote imechanika. Baraza limepakwa rangi. Viti vinane, nimeazima sita kanisani. Mtungi wa maji, bilauri kumi na mbili. Karanga.

Nimempigia Paskalia. Nikamwambia Jumamosi nyumba itajaa watu. Alifurahi. Akauliza akina nani. Nikasema wanachama. Akauliza tena, akina nani, baba Pendo? Mtandao ukasumbua. Nilisema umesumbua.

Jumamosi, 9 Agosti

Walikuja. Arobaini na wawili, nimewahesabu.

Saa mbili kamili walikuwa hapohapo, mbele ya ua, ningeweza kuwagusa kwa ufagio. Jua bega la kushoto. Ukungu umeinuka kidogo, Uluguru yote imekaa wazi, na chini kabisa bendera nyekundu ya Semeni. Wakainua nyuso. Mtu mmoja akasema, jamani, hivi hii yote ilikuwa hapa siku zote? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha katikati, shati la harusi ya Pendo, nikisubiri wageuke.

Hawakugeuka.

Nimelielewa taratibu, kama mtu anayegundua kosa kwenye ramani iliyokwisha kuchapwa. Tii inatazama kusini. Milima iko kusini. Bendera iko kusini. Baraza langu liko kaskazini. Nimechora, kwa mkono wangu na kwa vipimo sahihi, mahali ambapo watu arobaini na wawili wananipa mgongo.

Na jambo la pili, ambalo mtaalamu angeliona: shimo la kwanza ni mahali pa kuondokea. Mtu anapiga, anafurahi kwa sababu njia ni pana, anakwenda. Nilifanya njia rahisi mno. Zamani walisubiriana nusu saa. Leo dakika nne nne, kundi baada ya kundi. Saa tatu na nusu palikuwa na nyasi tu.

Castory alipiga katika kundi la mwisho. Mikono ilitetemeka, nilimwona, mpira ukaenda upande wa kushoto kabisa, na bado ukakaa kwenye nyasi fupi. Akatazama ulipo kwa muda. Kisha yeye peke yake akageuka.

Akaniona. Akaviona viti. Akasogea mpaka kwenye ua.

"Chukua fimbo zako, mzee mwenzangu. Sisi ni watatu. Tutakusubiri."

Wenzake wawili wakasimama kweli, wakaegemea mifuko yao. Nikatazama bilauri, karanga, viti vya kanisa. Nikasema siwezi kuondoka, huenda wageni wakaja.

Akatazama nyuma yangu, barazani. Akasema amenielewa. Akasubiri kidogo tena, halafu wakaenda. Niliwafuata kwa macho hadi mtaroni.

Karanga nimempa Semeni kwa watoto wake.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala vibaya lakini nimeamka na jibu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la uelekeo. Nilichagua shimo lisilo sahihi. Ninachohitaji si shimo la kwanza. Ni la tisa, la mwisho.

Fikiria. Shimo la mwisho linarudi kutoka milimani, kusini kwenda kaskazini. Bendera ikae kwenye ua wangu. Watu wote watakuja wakinielekea, uso kwa uso, wamechoka, wana kiu. Mchezo umekwisha, hawana pa kukimbilia. Mtu wa shimo la mwisho hukaa!

Nimemweleza Semeni, aliyekuja kumwagilia. Amesema anayemalizia shimo huwa anatazama chini, mzee, anatazama mpira. Semeni ni mtu mwema lakini hakusomea upimaji.

Saa nne kasoro Castory alipita na wale wawili. Alisimama kwenye ua, akauliza kama leo nina nafasi. Nikamwambia leo haiwezekani kabisa, nina kazi ya haraka ya klabu. Akauliza kazi gani ya Jumapili. Nikasema atajua wakati ukifika. Akavua kofia, akaipungia, wakaanza. Kwa hapa nilipo nawasikia bado, mmoja anacheka kama anakohoa.

Tepu ya kupimia inataka watu wawili. Semeni ameshaenda kanisani. Nimefunga ncha moja kwenye mchongoma, nikashika nyingine, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea milimani. Imefunguka mara tatu. Nimerudi mara tatu, nikaifunga upya, kwa fundo zuri zaidi.