Profesa Jastin na Matuta Manne ya Njaa

Watafiti wengine hupanda kwanza, wakangoja, wakapima, ndipo wakaandika. Jastin aliona huo ni uchelewaji usio na maana. Yeye sura ya mwisho ya ripoti yake, yenye hitimisho na mapendekezo kwa taifa, aliikamilisha mwezi wa pili, wakati mbegu za kabichi zake bado ziko kwenye kopo dukani!

Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kilimo, kwenye chuo kikuu kimoja hapo Morogoro, na bwenini walimwita Profesa. Cheo hicho alijipandisha mwenyewe, wenzake wakachoka kumshusha. Akila wali maharage kantini, hakuwa anakula tu kama sisi wengine, alikuwa anatathmini lishe. Akichelewa darasani, hakuwa amelala, alikuwa fildi, shambani kwa utafiti.

Utafiti wake ulihusu dawa ya kukuzia mboga aliyoivumbua mwenyewe na kuipa jina la Supakuza. Aliichemsha kwenye ndoo kwa molasi aliyotoka nayo kwao Turiani, majivu, na kitu cha tatu ambacho alikataa kukitaja hata kwa Geofrey, aliyekaa naye chumba kimoja. Geofrey alijua ni soda, kwa sababu chupa ilikuwa yake.

Haraka yote hii ilikuwa na sababu. Mama yake, mkulima wa mpunga, alikuwa ameshatangaza mahafali ya Novemba kanisani, bombani na kwenye kikundi chake cha akina mama. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kumaliza chuo kikuu. Ripoti isipopita, hakuna joho, na Jastin alikuwa tayari kukabili kitu chochote duniani isipokuwa uso wa mama yake siku hiyo.

Shamba la majaribio alipewa na Bi Josephina, mkulima wa mboga kwenye kijiji kimoja juu ya Mgeta, pale ambapo barabara inakoma na miguu inaanza kazi. Bi Josephina alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mfugaji wa nguruwe, na kabichi zake zilijulikana hadi sokoni mjini. Alimpa mgeni wake matuta manane mazuri kabisa, yale ya kando ya njia.

Siku ya kupandikiza miche Jastin alimweleza mpango. Matuta manne yatapigwa Supakuza kila wiki. Manne mengine hayatapata kitu: si dawa, si samadi, si jivu. Bi Josephina alisikiliza hadi mwisho, akayatazama yale manne ya pili.

"Na haya yamekosa nini, mwanangu?"

Jastin akacheka kidogo, kile kicheko cha msomi, akasema hayajakosa kitu, ni ya kulinganishia. Yakidumaa ndipo ukuu wa dawa utakapoonekana. Kisha akanyoosha kidole.

"Haya msiyaguse, mama. Hata mkiyaona yanakufa. Ni kisayansi."

Bi Josephina aliitikia kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za mgonjwa.

Utaratibu wa chuo ulimtaka Jastin apande mlima kila wiki, apige dawa, apime kabichi kwa futi na kuandika kwenye daftari. Lakini siku ile ya kwanza mlima ulimpiga vibaya. Kupanda alipumzika mara kumi na moja, kushuka alishuka kinyumenyume kwa sababu magoti yaligoma kwenda mbele, na siku tatu zilizofuata alikuwa akienda chooni kwa kushikilia ukuta. Bahati nzuri alikuwa amemwachia Bi Josephina dumu la Supakuza na maelekezo. Akajiuliza, sasa yeye aende kufanya nini tena? Kuwasumbua wenyeji?

Akaamua kupika data. Kila Jumamosi, baada ya chai, alijilaza kitandani na daftari na kuzipanga kabichi zake apendavyo. Za dawa zilinenepa kwa mpangilio, sentimita mbili na nusu kila wiki bila kukosa. Za njaa alizinyanyasa. Wiki ya tano alizipa umanjano, wiki ya nane akazitia ukungu, na wiki ya tisa, aliponyimwa namba ya simu na binti mmoja wa kitivo cha misitu, aliua kumi na nne kwa hasira. Alibadilisha kalamu kila wiki ili ionekane siku tofauti, na mwisho akalipaka daftari tope la bustani ya bweni, likapendeza.

Geofrey alimuuliza kama haogopi. Profesa akamjibu kwamba sayansi ni kujua matokeo kabla, na yeye anayajua.

Mwishoni mwa mwezi wa sita msimamizi wake, Dokta Hosiana, alimwita ofisini. Huyu mama hakuwahi kumkemea mwanafunzi. Aliuliza tu maswali, kwa sauti ya chini, na wanafunzi waliogopa sauti hiyo kuliko mtihani. Akalifungua daftari, akasifu jinsi kabichi zilivyo na nidhamu, akasema kesho wakazione.

Jastin akasema barabara imekatika. Dokta Hosiana akasema watatembea. Jastin akasema huko juu kuna chui. Dokta Hosiana akasema basi wawahi kuondoka.

Wakaliacha gari la chuo mwisho wa barabara. Mama wa watu na umri wake alipanda na buti zake za mvua kana kwamba anakwenda jikoni, huku Profesa akimfuata kwa nyuma akihema. Kwenye njia panda ya kwanza Dokta akamuuliza wanashika ipi. Jastin akachagua kulia kwa kujiamini, wakaishia kwenye banda la mbuzi la mtu.

Hatimaye wakafika, na Jastin akayaona matuta yake kwa mara ya pili maishani mwake.

Manne yalikuwa na kabichi za kutisha. Kila moja ilikuwa kama sufuria la msiba, zimebanana hadi huoni udongo. Manne mengine yalikuwa na vikabichi vya kubeba mfukoni, vyenye matundu, na juu yake sisimizi walikuwa kwenye msafara usio na mwisho, maana molasi ni tamu na habari zilikuwa zimeenea mlima mzima.

Shida ni kwamba sisimizi walikuwa kwenye matuta ya dawa.

Dokta Hosiana hakujua lipi ni lipi. Aliinama kwenye kabichi kubwa, akatoa futi, akapima. Akalitazama daftari. Akapima nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu Jastin amfahamu, akatabasamu.

"Hizi ndizo za Supakuza?"

Hapo Jastin angeweza kusema ukweli. Alikuwa na nafasi, alikuwa na muda, na mama mtu mzima alikuwa amemtazama usoni akingoja. Lakini aliyaona mahafali ya Novemba, akaliona joho, akamwona mama yake amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya.

"Ndizo, Dokta," akasema. "Na nilizionea huruma zile nyingine, lakini sayansi haina huruma."

Dokta Hosiana akampa mkono. Akasema kazi hii inaweza kupelekwa kwenye maonesho ya wakulima. Jastin alianza kueleza, kwa unyenyekevu mkubwa, jinsi wazo lilivyomjia, akawa ameshafika utoto wake, Bi Josephina alipotokea na chupa ya chai na sahani ya magimbi.

Dokta akamwamkia shikamoo. Bi Josephina akaitikia marahaba, akaweka chini vitu vyake, akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa hana raha kabisa.

"Mwalimu, kabla hujanywa chai yangu, nina kosa nataka kuungama."

Jastin akasema hakuna haja. Akasema chai inapoa. Dokta Hosiana akainua kidole kimoja tu, naye akanyamaza.

Bi Josephina akaeleza. Matuta yale yako kando ya njia ya kanisani. Jumapili ya kwanza watu walipita wakayaona yale manne yamepauka, wakanyamaza. Jumapili ya pili jirani yake Rosa akamuuliza kama anaumwa. Jumapili ya tatu katekista Alois alisimama pale njiani na kuuliza kwa upole kama kuna ugomvi nyumbani, maana haijawahi kutokea Josephina akanyima kabichi chakula. Yeye akajaribu kusema ni kisayansi. Wakamhurumia zaidi. Jumatatu asubuhi akachukua ndoo, akaingia kwenye banda la nguruwe.

"Zile za dawa sikuziongezea kitu, nilizipiga dumu lake kama alivyosema. Hizi alizozinyima ndizo nilizozilisha samadi. Ndizo hizi kubwa unazozipima. Nimevunja masharti ya mtoto wa watu."

Sisimizi tu waliendelea na shughuli zao. Dokta Hosiana akamgeukia Jastin taratibu, na Bi Josephina, alipouona uso wa mwalimu, akaingiwa na huruma. Akamshika Dokta mkono ili amtetee kijana.

"Usimlaumu mwanangu, mwalimu. Hahusiki hata kidogo. Tangu siku ya kupandikiza hajakanyaga hapa."

Hakuna aliyewahi kumtetea Jastin kwa moyo safi namna ile, na hakuna aliyewahi kummaliza vizuri zaidi.

Dokta Hosiana hakupiga kelele. Alimuuliza Bi Josephina alitia ndoo ngapi na siku zipi. Bi Josephina akampeleka kwenye mlango wa banda, ambako kila ndoo ilikuwa na alama yake ya mkaa, zimepangwa wiki kwa wiki. Dokta akazinakili zote.

"Leo ndiyo nimepata takwimu," akasema, na daftari la Jastin akalitia kwenye mkoba wake kwa ajili ya kikao cha idara.

Kikao kilikuwa kifupi. Jastin hakufukuzwa, kwa sababu Bi Josephina alituma barua ya kumwombea. Lakini angerudia jaribio lote, safari hii kwa kulinganisha Supakuza na samadi ya nguruwe. Angeishi huko huko mlimani, angechimba matuta mwenyewe, na daftari lake lingesainiwa na Bi Josephina kila Jumamosi. Bi Josephina alikubali, kwa sharti moja tu: matuta ya njaa yawe nyuma ya nyumba, yasionekane na wanaokwenda misa.

Jastin akachimba, akapanda, akabeba ndoo. Jambo moja tu lilimshinda. Kila alipotaka kumpigia mama yake amweleze, alisema mtandao unasumbua, akatuma ujumbe kwamba maandalizi yanakwenda vizuri.

Basi Novemba ikafika, na mama yake akafika chuoni na basi dogo la Kosta lenye watu ishirini na nane, wote kitenge cha sare. Wakakaa. Wakasikiliza majina yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kisha Geofrey, na joho lake, akaja akiwa ameinamisha kichwa na kuwaonesha mlima.

Alasiri ile Bi Josephina alikuwa anapukuchua maharage alipoona watu ishirini na nane wa sare wanapanda kwake kwa mstari. Akawakaribisha, akaulizwa, akawaonesha banda. Jastin alikuwa ndani, amezama hadi kwenye vifundo vya miguu, na ndoo mkononi.

Mama yake alimtazama. Akaitazama ndoo, akawatazama nguruwe, na nguruwe nao wakamtazama. Ndipo akamgeukia mwenyeji wake.

"Shikamoo mama. Samahani, ndiyo chuo chenyewe hiki?"

"Marahaba. Ndicho, mwanangu," akasema Bi Josephina. "Yuko mwaka wa kwanza."